Marisau, Kanga na Chumvi ya Pwani

Bunduki hapa kwetu Malindi haifi kwa kupigwa, hufa kwa kulala. Nimeziona bunduki zilizopiga kanga mwaka baada ya mwaka na mitutu yake ikabaki inang'aa, na nimeiona moja iliyolazwa kabatini masika moja tu, imevishwa ala ya ngozi ya bei, ikatolewa ina vidoa vyekundu kuanzia mdomoni hadi kwenye bawaba. Mwenye bunduki ya marisau, ile inayotawanya punje ndogo, kule Nanyuki bara anaweza kufanya uvivu na isijulikane. Wa pwani hana nafasi hiyo. Ndiyo maana mtu akiniuliza anunue ipi, mimi humuuliza kwanza nyumba yake iko umbali gani na bahari.

Mimi ni mzaliwa wa Lamu, mtaa wa Langoni, nikaletwa Malindi kwa mjomba ndevu zikiwa hazijaota. Mwanzo wa miaka ya sabini mji huu ulikuwa na wageni wa namna mbili, wa kuvua na wa kuwinda, na mjomba alikuwa mpishi wa hao wa pili. Nilianza kambini kwa kusugua sufuria, nikaishia kusugua mitutu. Aliyenifundisha ni mzee wa Kikamba aliyekuwa akibeba bunduki za wageni tangu enzi za Mwingereza, mtu wa maneno machache, asiyevumilia kuona bunduki imeegemezwa kwenye mti. Bunduki kubwa za nyati na ndovu hazikunihusu. Zangu zilikuwa za marisau, za ndege: kanga, kororo, kwale, firigogo, njiwa, na bata tukifika kwenye maji. Kazi ile ilikwisha Mei 1977, serikali ilipopiga marufuku uwindaji nchi nzima. Baadaye nikawa kwenye shamba kando ya Mto Sabaki, kwa mwenye shamba aliyekuwa na bunduki yake ya cheti, na tangu hapo wenye bunduki huniita niwatazamie zao. Kazi hiyo huifanya mwenye bunduki akiwa amekaa mbele yangu, na bunduki ya mtu hailali kwangu.

Niseme na hili mapema, maana vijana husoma nusu wakakimbia. Anayetaka kumiliki bunduki aanze na cheti cha silaha, na anayetaka kumlenga ndege yeyote aende kwanza KWS, shirika la wanyamapori la serikali, akaulize kinachoruhusiwa na kisichoruhusiwa. Huku kwetu kuna ndege wa kutazamwa tu. Msitu wa Arabuko-Sokoke na vichaka vya Dakatcha nyuma ya Marafa ndiyo makao ya kwera wa Clarke, ndege asiyejulikana kuishi nje ya kaunti hii ya Kilifi. Huyo hahusiani na bunduki ya mtu.

Haya, tuje kwenye kuchagua. Watu huanza na namba ya tundu, nami sina ubishi, tuanze hapo. Namba 12 si inchi wala milimita. Chukua ratili moja ya madini ya risasi, uigawe tufe kumi na mbili zilizo sawa. Upana wa tufe moja ndio upana wa tundu, yapata milimita 18.5. Ukiigawa mara ishirini, tufe zinakuwa ndogo na tundu linashuka hadi milimita 15.6 hivi. Kwa hiyo namba ikipanda tundu linapungua, na hapo ndipo wengi hupotea, wakadhani bunduki ya 20 ndiyo kali zaidi. Ya 20 ina uzuri wake. Ni nyepesi, na mtu anayetembea kutwa kwenye jua la Marafa ataipenda kuanzia saa nne. Lakini mimi bado nasema 12, kwa sababu isiyo ya kitaalamu hata kidogo: risasi zake ndizo zinazopatikana. Bunduki nzuri isiyo na risasi dukani ni mkongojo.

Baada ya namba, watu hutazama nakshi. Kuna kanga na majani ya fedha ubavuni, mbao ina mawimbi, na bei inapanda kwa hayo. Mzee wa Kikamba hakuwahi kunionyesha nakshi. Alikuwa akimwambia mgeni mpya, "Bwana, funga macho, inua." Mgeni, bunduki ikiwa tupu na imeshakaguliwa, anafunga macho, anaipandisha begani kwa kawaida yake, halafu anafumbua. Jicho likikuta juu ya mitutu kumenyooka na kile kidoto cha mdomoni kimekaa katikati, bunduki ni yake. Likikuta limezama nyuma ya mtambo, au linaona mitutu upande, basi hata ingekuwa ya mfalme itampigia hewa. Ndege hangoji ulenge. Kwale akiruka chini ya miguu yako kwa ule mshindo wake, mikono ndiyo inayolenga, na mikono hufuata kitako.

Urefu wa kitako kwa bunduki nyingi za Ulaya ni inchi 14 na nusu hivi, kutoka kifyatulio hadi mwisho wa mbao. Hapa kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Kitako kile kilipimwa kwa mtu aliyevaa koti zito la baridi. Ukiwa umevaa shati la pamba peke yake, kitako kilekile kinakuwa kifupi kwako, na kidole gumba kinakupiga puani. Dalili ni hiyo hiyo: ukiipandisha, kati ya pua na kidole gumba paingie vidole viwili. Pasipoingia, ongeza raba mwisho wa kitako. Kikiwa kirefu mno, fundi atakikata, ila kile kipande kilichokatwa kitunze. Siku ukitaka kuuza, mnunuzi mrefu atakiulizia.

Kuhusu mitutu, ya ubavu kwa ubavu au ya juu na chini, nimezisafisha zote mbili kwa wingi. Waingereza walikuja na za ubavu. Waitaliano walianza kuonekana kwa wingi wakati wa mambo ya San Marco, kituo chao cha kurushia setilaiti kule Ngomeni, kilichorusha setilaiti yake ya kwanza mwaka 1967, na wale wa kwao waliopenda ndege walikuja na za juu na chini. Kwa kulenga, ya juu na chini humfaa zaidi mtu anayejifunza kwa sababu jicho linaona mtutu mmoja. Kwa kutembea nayo, ya ubavu ni nyembamba mkononi na hufunguka kidogo tu ikakubali risasi. Mimi nina upendeleo, sikatai: ya ubavu, yenye vifyatulio viwili, yenye mtambo ule rahisi waliobuni Anson na Deeley mwaka 1875. Mtambo huo una vipande vichache na umekaa ndani ya sanduku la chuma. Chumvi haipati milango mingi. Ile mitambo ya ubavuni inayofunguka kwa mkono ni kazi ya sanaa, lakini sanaa ile ilizaliwa mahali pasipo na upepo wa kusi.

Na kama pesa ni kidogo na nyumba iko Shela au Mambrui ufukweni kabisa, usione haya kununua Baikal ya Kirusi. Ni nzito, mbao zake hazina haiba, lakini ndani ya mitutu yake mna kromu, na kromu na kutu si marafiki. Nimeona wenye bunduki za Kiingereza za Birmingham wakiicheka Baikal mwezi wa Aprili, wakanyamaza mwezi wa Julai.

Sasa mbano, yaani kule mdomoni ambako mtutu hubanwa kidogo ili marisau yasitawanyike mapema. Kipimo cha mafundi ni hiki: unapiga karatasi yadi 40 mbele, unachora duara la inchi 30, unahesabu matundu. Mtutu uliobanwa kabisa huweka asilimia 70 ya marisau ndani ya duara. Usiobanwa huweka 40. Wageni wengi walitaka uliobanwa kabisa, wakiamini ndio wa kiume. Kwa bata wa juu sawa. Lakini kwale huruka hatua ishirini mbele yako, na kwa umbali huo mtutu uliobanwa ama unakosa kabisa, ama unampata ndege asifae hata kwa mchuzi. Kwa vichaka vyetu, mtutu wa kulia uwe wazi au karibu na wazi, wa kushoto uwe na nusu ya mbano kwa yule anayekwenda mbali. Yule anayetaka zaidi ya hapo ajifunze kusogea karibu.

Kwetu sisi Waislamu wa kambini mbano ulikuwa na hesabu nyingine. Masheikh tuliowauliza walitwambia, kwa madhehebu yetu ya Shafi, ndege aliyekufa kwa marisau kabla ya kisu hana tofauti na aliyekufa kwa kipigo, na aliyekufa kwa kipigo ametajwa wazi katika Suratul Maida kuwa ni haramu. Awahiwe akiwa hai, achinjwe. Kwa hiyo bunduki ikilia, mimi na mjomba tulikuwa tumekwisha toka mbio, visu mkononi, kanzu za kazini zimekunjwa kiunoni. Kanga ni ndege mgumu. Akipigwa vizuri anaanguka, lakini huwa bado ana roho ya kuwahiwa kama miguu yako ni myepesi. Aliyepigwa karibu kwa mtutu uliobanwa hatukumkuta na kitu cha kuchinja. Huyo alikwenda kwenye meza ya wageni na kwa wenzetu wasio Waislamu, sisi tukala samaki mkavu. Mjomba alikuwa akiitazama bunduki ya kila mgeni anayeteremka kwenye gari, akishauona mdomo wa mtutu anajua leo ni kanga au ni papa mkavu.

Kwenye maji hatukukimbia. Sabaki ina mamba na Tana ina zaidi, na bata anayeangukia katikati ya mto ni wa mamba, usigombane naye. Mzee alikuwa akiwakataza wageni kupiga bata kabla hajaona ataangukia wapi. Siku hizi nimesoma kwamba marisau ya madini ya risasi yakibaki matopeni bata huyameza wakidhani ni vijiwe, yakawaua polepole, na Marekani waliyakataza kwa ndege wa maji tangu 1991. Kule ziwani tulipopita kuna matope yenye marisau yetu, naamini.

Ukubwa wa punje: kwa kanga namba 5 ya Kiingereza, kwa kwale namba 6, kwa firigogo na njiwa namba 7. Risasi ya gramu 28 ya namba 6 ya Kiingereza ina punje 270 hivi. Nasisitiza ya Kiingereza, kwa sababu namba 6 ya Kimarekani ni kubwa zaidi, inakaribia kuwa 5 ya Kiingereza. Soma milimita zilizoandikwa kwenye boksi, achana na namba. Firigogo nao usiwafuate, wangoje. Huja majini asubuhi jua likishapanda, makundi kwa makundi, na hupita kasi hata mgeni hodari hurudi na maganda mengi kuliko ndege.

Kununua bunduki iliyotumika ndiko kwenye kazi, na hapo ndipo huniita. Kwanza kabisa naifungua nihakikishe ni tupu, hata kama mwenyewe ameapa. Kisha navua kishikio cha mbele, nashika kitako, natikisa. Mitutu ikicheza kwenye bawaba, hata kidogo cha kusikika, bawaba imelika na mtambo haufungi sawasawa. Kisha naitoa mitutu, naitundika kwa kidole kwenye ile ndoana ya chini na kuigonga kwa ukucha. Mitutu mizima hulia kama kengele ya kanisani, ukaisikia sauti inakwenda mbali. Ikijibu kwa sauti ya bati, ule utepe unaoiunganisha umeachia mahali, na mwanya huo umejaa maji na chumvi usiyoiona. Halafu naielekeza mlangoni, sio kwenye jua lenyewe, kwenye mwanga wa uani, natazama ndani. Mwanga hujipanga pete kwa pete. Pete ikikatika au ikipinda pana bonde, yaani mtutu umegongwa. Vidoto vyeusi visivyotoka kwa brashi ni kutu iliyokwisha kula chuma. Vidogo karibu na mdomo huvumilika. Vikiwa karibu na chemba, pale panapobeba nguvu yote ya baruti, mimi hurudisha bunduki.

Chini ya mitutu, kwenye bapa lake, mna mihuri. Isome. Nyumba ya majaribio ya Birmingham imekuwa ikigonga mihuri tangu 1813, na mihuri hiyo hukwambia mtutu ulijaribiwa kwa baruti gani na chemba yake ina urefu gani. Bunduki nyingi za zamani zina chemba ya inchi mbili na nusu, milimita 65. Risasi nyingi za dukani leo ni za 70. Utaitia na itaingia vizuri kabisa, hapo ndipo hatari ilipo, kwa kuwa ganda hurefuka linapofunguka. Ikipigwa, mdomo wa ganda hufungukia kwenye shingo ya mtutu, nafasi inakuwa finyu, na nguvu inapanda kupita ile iliyojaribiwa.

Kijana mmoja wa Lamu aliniletea habari ya bunduki ya babu yake. Alikuwa ameiripoti polisi kama inavyotakiwa, kwani bunduki hairithiwi na cheti chake, akataka nishauri kabla hajaingia gharama za kujiandikisha. Tulikutana kwa ofisa, ikafunguliwa pale mezani. Subhanallah, mitutu ilikuwa na michirizi ya kahawia na kijivu tangu mwanzo hadi mwisho, chuma kilichosokotwa vipande kwa vipande na kufuliwa pamoja. Akaniuliza, "Ami, hii si ndiyo ile ya thamani?" Nikamwambia ya thamani ndiyo, ya kupiga siyo. Haikuwa na muhuri wa baruti ya kisasa hata mmoja, na mishono ya chuma kile huliwa na kutu kwa ndani mahali macho hayafiki. Aliniomba nimruhusu risasi moja tu, ya kumbukumbu ya mzee. Ofisa naye akanitazama kwa hamu kama mtoto wa Idi. Nilikataa. Mitutu ile iko leo ukutani, imetobolewa isifanye kazi, kwa karatasi zote za serikali.

Nina jingine la hatari. Risasi za namba 20 hutengenezwa kwa ganda la njano, karibu kila kiwanda, na kuna sababu. Ukiitia ya 20 kwenye mtutu wa 12 haibaki kwenye chemba. Huteleza ikasimama mbele kidogo, shingoni. Unafyatua, unasikia mlio mkavu. Unafungua, chemba tupu, unadhani ulisahau kutia. Unatia ya 12 nyuma yake. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mgeni mmoja karibu na Garsen, mke wake akitumia ya 20 na yeye ya 12, wakichota mfuko mmoja. Nikasikia ule mlio mkavu. Nikaona anafungua, anatabasamu, anaingiza mkono mfukoni. Mtoto wa jikoni hamshiki mgeni mkono, lakini niliushika. "Bwana, ngoja kwanza." Mzee akaja, akaivua mitutu, akaielekeza angani na kunipa nitazame. Hakukuwa na mwanga. Ilitoka kwa kusukumwa na mdeki, ile fimbo ya kusafishia mtutu, kutoka mdomoni, ya njano, ikaanguka mchangani. Tangu siku hiyo kambi yetu haikuchanganya mifuko: bunduki moja, mfuko mmoja, hata kama ni mume na mke.

Kusafisha sasa. Wengi huanza na mafuta, na kwa pwani huko ni kuifungia chumvi ndani ya nyumba. Chumvi haiyeyuki kwenye mafuta. Huyeyuka kwenye maji. Tukirudi jioni, kitu cha kwanza kilikuwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya kunywa na kukamuliwa mpaka kiwe kibichi tu, kikapitishwa nje yote, mitutu, mtambo, hata kifyatulio ambako jasho la kidole hukaa. Kisha kitambaa kikavu. Kisha jua la dakika chache au joto la jiko, mbali na moto. Ndipo mafuta. Na kwa risasi za zamani mno, zile za fataki za chumvichumvi, mzee alimimina maji ya moto ndani ya mtutu kwa faneli, kwa sababu hiyo hiyo. Siku hizi risasi hizo ni nadra lakini ukikuta boksi la kurithi usilipige.

Ndani ya mtutu mdeki hutoka upande wa chemba kwenda mdomoni, na brashi ya shaba huanza kabla ya kitambaa. Tazama mahali pawili: mbele ya chemba, na kule kwenye mbano. Huko madini ya risasi hujipaka utando wa kijivu, na chini ya utando huo unyevu hukaa kwa raha. Utasugua hadi kitambaa cheupe kitoke cheupe. Mafuta yawe kidogo, ya kupakwa kwa kitambaa na kufutwa, ubaki ubichi wa kuguswa tu. Mafuta ya kumiminwa hushuka kwenye mtambo yakakutana na vumbi la Marafa, vikaunda gundi, na sindano ya kupigia ikaanza kuchelewa. Yakishuka zaidi hunywewa na mbao pale shingoni, mbao ikawa nyeusi na laini, siku moja kitako kikakatika kwa mshindo. Kwa hiyo bunduki iliyotoka kupakwa mafuta isimamishwe mdomo chini kwenye kitambaa, usiku ule wa kwanza angalau.

Mafuta gani? Ya mashine, yale mepesi ya cherehani yanatosha. Nyumbani Lamu nimesikia kila ushauri. Nazi, haifai, inaoza na kunata. Binamu yangu fundi wa majahazi aliniambia nipake sifa, yale mafuta ya papa wanayopaka vyombo, akasema mbao zake hazijapata kuoza tangu aanze. Nakubali, na ndege nao wangekimbia kutoka Pate kwa harufu. Mbao za kitako zinataka mafuta ya kitani, tone mbili tatu kwenye kiganja, usugue mpaka kiganja kiwe cha moto, kila baada ya muda. Hugandia ndani ya mbao yakafunga njia ya maji. Ya simsim, ambayo mafundi wa vyombo hupaka mbao, hukauka nusu tu. Yanafaa kwa mlango, si kwa bunduki.

Na mikono. Kuna watu jasho lao lina ukali, akiigusa bunduki asubuhi, adhuhuri unaona alama za vidole vyake kwa rangi ya kutu. Mzee aliwajua kwa mkono wa salamu tu. Bunduki zao tulizifuta mchana pia, chini ya mti, wao wakinywa chai.

Kuhifadhi ndiko kunakoua. Ala ya ngozi na ile ya manyoya ndani ni za safari, ukifika nyumbani toa bunduki humo siku hiyo hiyo. Ngozi hunywa unyevu, na dawa za kutengenezea ngozi zenyewe huchochea kutu. Kasha la chuma unalotakiwa kuwa nalo kwa usalama lifungwe kwenye ukuta wa ndani wa nyumba. Ukuta wa matumbawe na chokaa unaoelekea bahari hutoka jasho usiku kucha wakati wa masika, na kasha lililoshikana nao hutoka jasho pamoja nao. Ndani weka vifuko vya silika, uvikaushe kwenye sufuria kavu kila vinapolewa maji. Mwenye umeme wa uhakika aweke taa ndogo ya joto chini ya kasha, hewa ya ndani ikiwa na joto kidogo kuliko ya nje umande haushiki. Bado fungua kila Ijumaa, pitisha kitambaa. Mimi husema Ijumaa kwa kuwa hiyo haisahauliki. Risasi nazo zisikae sakafuni. Shaba ya kitako chake ikigeuka kijani, ganda hugoma kuingia au kutoka, na kulilazimisha si kazi ya mwenye akili.

Usifyatue bunduki tupu ili kulegeza springi. Nunua zile risasi bandia zenye kipande laini pale sindano inapogonga, tia, fyatua juu ya hizo. Na skrubu za bunduki zina nyufa nyembamba kuliko za mlango. Bisibisi ya nyumbani huzitafuna, na skrubu iliyotafunwa ndiyo kitu cha kwanza ninachotazama kumjua mwenye bunduki.

Mwenye shamba wa Sabaki amekwisha tangulia mbele ya haki, na mwanawe amejiandikisha bunduki ile kwa jina lake, ya ubavu, vifyatulio viwili, ya miaka ya hamsini. Huileta mwanzo wa mwezi tukaifungua kwenye baraza yake. Mitutu iko sawa. Kilicholegea ni raba ya kitako, joto limeifanya inate, inashika shati akiipandisha na bunduki inachelewa kufika begani. Nimemwambia akienda Mombasa aje na kipande cha ngozi ngumu cha unene ule ule, tukifunge juu yake kabla ya kusi.